Mshamu hakurogwa Kibiti, mimi ndiye niliyemkimbiza na kiu

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, habari za mchana.

Mimi ni mzee. Huwa napita tu humu, nasoma mnavyobishana mambo ya mpira na ndoa, kisha naondoka zangu kimya. Leo nina jambo. Nitaliandika kama lilivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Elimu yangu ni darasa la nne la Mwingereza, kwa hiyo mkiona sentensi inachechemea, mshikeni mkono ivuke.

Wiki iliyopita tulisoma arobaini ya binamu yangu Mshamu, huku kwetu Mbuchi, kwenye visiwa vya mikoko mto unapoingia baharini.

Mshamu ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Kwa hiyo mkiona namcheka marehemu msinilaani. Kulia nimeshindwa tangu siku ya maziko. Kumtania ndiko ninakoweza, na yeye mwenyewe nikianza kumsifu angeuliza nani kanilipa.

Sasa pale kwenye arobaini, watu wanakula, nikamsikia kijana mmoja anawasimulia wenzake:

"Babu Mshamu alikuwa hashikiki kwa mbio. Akaenda Kibiti enzi za mkoloni, bibi mmoja mchawi akampa maji ya dawa kwenye kata. Mguu ukakatika palepale."

Wenzake wakatikisa vichwa. Mimi nikarudisha tonge sahanini.

Wakuu, yule bibi hakuwa mchawi, na maji yake yalikuwa maji. Aliyemwumiza Mshamu ni mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mwaka sikumbuki, sitaki kuwadanganya. Mimi na Mshamu tulikuwa na umri kama miaka kumi na minne. Siku hizo watoto walianza shule wakubwa, ndiyo maana darasa la nne lilikuwa na watu wenye ndevu changa.

Mshamu alikuwa mrefu, mwembamba, magoti kama vifuu, masikio yamesimama kama anasubiri kuitwa. Ungemwona amekaa, ungemhurumia. Akianza kukimbia, unajihurumia wewe.

Kila mwaka shule zilikutana Kibiti kwa michezo. Mshindi wa kila mbio alipandishwa lori kwenda Utete, kwenye boma la wilaya, kukimbia tena na washindi wengine. Kwa wengi wetu Utete ilikuwa ni kupanda gari na kurudi kujisifu.

Kwa Mshamu, Utete ilikuwa mama yake.

Bi Tatu aliachika Mshamu akiwa na miaka sita, akarudi kwao Utete. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema katika mambo yote isipokuwa hilo. Aliyetaja jina la Bi Tatu nyumbani kwake alikula peke yake siku hiyo. Miaka minane Mshamu hakumwona mama yake. Na mtoto kutoka huku kwetu visiwani kufika Utete mwenyewe, na mto ule na njia ile, haikuwezekana.

Aliniambia siku moja tunaokota kuni za mikoko: "Binamu, nikishinda Kibiti, baba atamkatalia nani? Bwana Shauri?"

Bwana Shauri ndiye mzungu mkuu wa wilaya. Kweli, hapo hata mjomba asingefua dafu.

Basi mbio ya Mshamu, ile ya maili moja, haikuwa ya kombe. Ilikuwa ya nafasi moja kwenye lori.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara. Alikuja na jozi moja ya viatu, tope la kwetu likaimeza wiki ya kwanza, lakini moyo wake ulibaki. Akaniita mimi, kwa sababu nililala nyumba moja na Mshamu, na kwa sababu mbio zangu zilikuwa za bata.

"Wewe utamsimamia mwenzako," akaniambia. "Akimbie kwenye ardhi ngumu, kidogo kidogo, nyayo zizoee. Siku moja akimbie, siku moja apumzike. Ale wali, samaki, mboga. Anywe maji. Akisema anaumwa, aache. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Kusikia nilisikia. Lakini ukimpa mtoto wa miaka kumi na minne cheo, kitu cha kwanza anachokitupa ni maagizo.

Nikaanzisha mazoezi yangu. Maji yakipwa, tope likabaki wazi kati ya mikoko, nampeleka Mshamu humo. Yeye anakimbia, tope magotini, mimi nimekaa juu ya mizizi ya mkoko natoa amri. Niliona ukiweza kukimbia ndani ya tope, pakavu utaruka kama mshale. Mapumziko hakuna.

Chakula nacho nilikipanga. Kamba ale kwa wingi, kwa sababu kamba anaruka. Pweza asiguse, kwa sababu pweza hana mfupa, miguu italegea. Msicheke sana. Juzi nimewasoma humu mnaambiana kunywa energy drink kabla ya kwenda gym, na aliyeshauri hakuonyesha cheti chochote.

Mshamu alinitii. Utani ulikuwepo, lakini alinitii. "Kocha," ananiita, "na kaa je? Anakimbia upande. Nikimla si nitaishia Kilwa?"

Nikamkataza kaa.

Kuna mkuu ameuliza hapo chini kama tope halijengi msuli. Linajenga, mkuu. Mapaja yake yalikuwa magogo. Lakini nyayo zilizolowa tope na maji ya chumvi kila siku huwa laini kama za mtoto mchanga. Tena alizoea kuchomoa mguu juu sana na kukunja vidole vishike. Mwalimu alipomkimbiza mara moja tu kwenye njia ya mchanga, wenzetu walianguka kwa kicheko. Alikuwa kama jogoo anayekanyaga makaa.

Mwalimu hakucheka. Aliniangalia mimi. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Tukaenda Kibiti, mtumbwi kwanza, kisha miguu. Tulipofika, Mshamu alikuwa na malengelenge mawili kwenye unyayo wa kushoto. Nikayafunga kitambaa, nikamwambia asichechemee mbele za watu.

Wanafunzi wageni tuligawiwa kwenye nyumba za wenyeji. Mimi na Mshamu tukapelekwa kwa bibi mmoja, Bi Hadija, mjane, mwenye mdomo mwepesi na moyo mweupe. Walimu walilala kwingine.

"Hawa ndio samaki wa Mbuchi?" akauliza. "Mbona hawana magamba?"

"Tumeyaacha mtumbwini, bibi," Mshamu akajibu.

Bibi akacheka mpaka akashika mlango. Na pale mlangoni, wakuu, kivulini, palikuwa na mitungi miwili mikubwa ya maji, na kata, kile kifuu chenye mpini cha kuchotea, imetundikwa juu yake.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana wa bara hamtaelewa.

Huku kwetu kiangazi chumvi hupanda mto. Maji baridi ya kunywa mama zetu waliyafuata mbali kwa mtumbwi, wanakwenda maji yakijaa, wanarudi yakipwa, mgongo umekufa. Kwa hiyo adabu ya kwetu ilikuwa hivi: nyumba ya watu huombi maji. Ukipewa, unakunywa. Usipopewa, unameza mate. Mtoto aliyeomba maji ugenini alichapwa akirudi, kwa sababu ameomba mgongo wa mama wa mwenzake.

Kibiti ilikuwa kinyume. Maji yanawekwa mlangoni, kata juu, mwenye kiu ajichotee. Mwenyeji hakukaribishi maji kama asivyokukaribisha hewa.

Sisi tukangoja kukaribishwa, naye akangoja tujichotee.

Jioni tulipata kata moja moja pamoja na chakula, basi. Asubuhi Bi Hadija aliamka kwenda shamba. Akatuambia, "Wanangu, nyumba yenu hii, kila kitu hicho hapo."

Mshamu akautazama mtungi. Kisha akanitazama mimi.

"Kasema kila kitu," akanong'ona.

"Hayo ni maneno ya heshima tu. Usituaibishe."

"Koo limekauka, binamu."

"Likauke. Ukishinda utakunywa Utete."

Kisha nikafungua furushi langu. Nilikuwa nimebeba ng'onda kutoka nyumbani, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi mpaka wakawa kama ubao. Nilisikia wapi sijui kwamba chumvi inakaza msuli. Nikampa wawili wazima, na kiporo cha muhogo. Akala vyote. Mzee mzima mimi, nikikumbuka mtoto yule anavyotafuna ubao ule wa chumvi bila tone la maji, kwa sababu kocha kasema, nataka kujificha.

Mbio ya maili moja ilikuwa ya mwisho, alasiri. Tangu asubuhi tulikaa kiwanjani juani. Bwana Shauri yuko chini ya turubai na kofia yake. Watu wa Kibiti wamejaa, na walipomwona Mshamu anajinyoosha, vidole vimekunjwa, wakaanza: "Huyo anatafuta dagaa mchangani!"

Mshamu akainama, akajifanya ameokota dagaa, akamtupia aliyesema. Kiwanja kizima kikacheka, na nusu yao wakawa upande wake.

Mwalimu akaja kwangu. Alikuwa anawahi kwenda mezani kwa waamuzi, upande wa pili.

"Amekunywa?"

"Amekunywa, mwalimu."

"Mengi?"

"Mengi."

Wakuu, hapo ndipo. Ningesema hapana, mwalimu angepaza sauti, maji yangeombwa mbele za watu, na sisi watoto wa visiwani tungeonekana ombaomba. Niliona aibu ya dakika moja ni nzito kuliko mguu wa mwenzangu.

Wakapuliza filimbi.

Ilikuwa mizunguko minne. Mzunguko wa kwanza Mshamu wa tano, watu wanamcheka anavyoruka. Mzunguko wa pili, akawa wa tatu. Katika mzunguko wa tatu yale mapaja ya tope yakaanza kazi, akawapita wote mmoja mmoja, mpaka mtoto wa fundi baiskeli wa Kibiti, ambaye ndiye aliyetegemewa. Kicheko kikaisha. Mimi nilikuwa narukaruka kama niliyekula kamba mimi.

Mzunguko wa mwisho, mbele yangu kabisa, nikamwona ameshika kigimbi.

Msuli ulikuwa umembana. Jasho halimtoki tena, midomo ina ukungu mweupe. Akapunguza, akawa kama anataka kusimama. Akanitazama. Mimi nilimjua tangu tunanyonya. Alikuwa ananiuliza kama aache.

Mwalimu alisema akiumwa aache.

Mimi nikapiga kelele: "Usisimame! Mama yako! Mama yako yuko Utete!"

Akakimbia.

Alikimbia hatua kama sitini kwa mguu uliobanwa. Bado anaongoza. Halafu nikasikia, na waliokuwa karibu walisikia, sauti kama ukuti mkavu umekanyagwa. Mguu ukamwacha. Akaanguka, kamba ya mwisho iko pale, ungeweza kuitupia jiwe bila kujitahidi.

Mtoto wa fundi akampita, akashinda. Kisha akarudi, huyo huyo, akapiga magoti, akamwinua mguu na kumsukuma vidole kama alivyofundishwa kwao. Hakujua kwamba mshipa wa nyuma ya kisigino umechanika, lakini alirudi.

Na wa pili kufika ni Bi Hadija. Alikuwa ametoka shamba akaja kuangalia samaki wake. Akashika shavu la Mshamu.

"Huyu mtoto mkavu kama kuni! Maji!"

Nyumba yake ilikuwa jirani na kiwanja. Akaletewa kata, akamnywesha kidogo kidogo. Ile kata, wakuu, ndiyo kata ya uchawi mnayoisikia.

"Maji si yapo mlangoni tangu jana?" akamuuliza. "Mlidhani mapambo?"

Mshamu, na maumivu yale, akajibu kwa adabu: "Tulikuwa tunangoja utukaribishe, bibi."

Bibi akajipiga paji la uso. "Nikukaribishe maji! Kwani maji harusi?"

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Mwalimu alipofika mbio kutoka upande wa pili, maneno hayo yalikuwa yameshapita.

Dresa wa Kibiti, yule mfunga vidonda wa zahanati, akamfunga mguu kwa vijiti, akasema huyu ni wa hospitali, na hospitali ni Utete. Gari la kwenda Utete lilikuwa moja tu, lile la washindi.

Basi Mshamu akapanda lori. Washindi wamekaa kwenye mabenchi, yeye amelazwa chini juu ya magunia, katikati ya miguu yao. Mimi nikaruhusiwa kwenda kwa kuwa ni ndugu. Njiani akamwambia mtoto wa fundi: "Mwenzangu umekimbia maili nzima ili upande gari hili. Mimi nimelala tu nikapandishwa."

Mtoto wa fundi akacheka, akavua shati lake la ushindi, akamkunjia chini ya kichwa.

Utete nikaulizia sokoni, nikampata Bi Tatu. Alikuja hospitali kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Miaka minane. Nilidhani atalia, nilidhani atauliza. Alikaa kitandani, akaanza kumtoa mchanga kwenye nywele, punje moja moja, kama kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

Siku ninarudi, akanivuta pembeni. "Mwana wa wifi yangu, nenda kamwambie baba yake mguu mbaya sana. Mbaya sana, umesikia? Usimwambie unapona."

Nilielewa. Alitaka kukaa na mwanawe. Nikaubeba ujumbe ule nikijua ni uongo wa mama.

Kumbe ulikuwa kweli. Ule mguu haukupona. Mshamu alikaa Utete miezi mitatu, akarudi na fimbo, na mbio zake zikaishia pale Kibiti, hatua chache kabla ya kamba.

Mjomba aliniuliza ilikuwaje. Nikasema alianguka, bibi mwenyeji akampa maji. Sikusema uongo. Nilisema kweli nusu, nikanyamaza pale paliponifaa. Mjomba akaimalizia mwenyewe ile nusu nyingine, na ndiyo hiyo wajukuu wanayoisimulia leo. Bi Hadija amekufa zamani na jina la uchawi ambalo hata hakulijua.

Mshamu akawa fundi cherehani, anakanyaga kwa mguu mzima. Maisha yake yote aliniita Kocha mbele za watu. Nikinunua suruali, "Kocha, hii nikuwekee mpira kiunoni, au chumvi itaikaza?"

Mwaka huu alipougua nikaona siwezi kumwacha aende kabla sijaungama. Nikamwambia: "Mshamu, mwalimu aliniuliza kama umekunywa. Nilisema mengi."

Akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Najua," akasema. "Mwalimu alinifuata Utete kuniuliza. Nami nikamwambia nilikunywa mengi. Angekuua kwa bakora."

Miaka yote hiyo.

Kisha akaongeza: "Ningeshinda ningekaa na mama siku mbili. Nimeumia nimekaa miezi mitatu. Hesabu mwenyewe, Kocha."

Najua wengine mtaidaka hiyo na kuandika hapo chini kwamba basi ilikuwa heri. Nawaomba msiandike. Yeye alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu mguu ulikuwa wake na roho ilikuwa nzuri. Mimi sina haki hiyo. Mtoto yule alikuwa amewapita wote. Angeweza kumwona mama yake na mguu akabaki nao.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilichelewa. Mtoto hujizoeza juu ya ardhi ile ile ya mashindano, tena kwa kupumzika. Chakula cha mbio ni chakula cha kawaida, si ndoto za kocha. Mtoto mwenye adabu hataomba maji, kwa hiyo usimuulize kama amekunywa, mpe, umwone anameza. Na usimuulize aliyekuwa naye, maana anaweza kuwa mimi.

Sasa nyinyi mnaofundisha watoto mashuleni, na wazazi mnaosimama pembeni ya kiwanja, njooni hapa mniambie kweli kama nilivyowaambia. Mtoto wako akipunguza mwendo, akageuka, akakutazama, wewe huwa unampigia kelele gani?